Mama wa Kwaya Aliyekataa Kumkana Mwanawe

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa nguo pale mtaani Kianda, nikingoja suruali yangu ikatwe miguu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa moja akaingia kuangalia sare za kwaya. Akavuta moja kando kwa vidole viwili, ya mama mmoja wa kwaya.

"Hii usimalize. Kijana ya huyo mama anaishi na mwanaume mwenzake huko mtaa wa Satellite, na yeye huwatembelea."

Fundi alikohoa, maana mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na amesikia kila neno. Nilitarajia machozi. Yeye aliweka kikapu chini, akasema polepole:

"Ni ukweli, mwenyekiti. Kila Jumapili nikitoka kanisa huenda kwao. Tunakula, tunaomba, narudi."

"Lakini Biblia inasema hiyo ni dhambi!"

"Tunaisoma wote wawili, mimi na wewe. Mimi sijaona mahali imeniambia nimkane mtoto wangu."

Mwenyekiti aliikunja na kuikunjua ile sare. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo mwenzake, naye huomba?"

"Anayeombea chakula ni yeye."

Hatimaye mwenyekiti alimpa fundi ile sare, akasema, "Mpime, uimalize."

Kuhusu ndoa za jinsia moja hawakukubaliana, na sidhani watakubaliana karibuni. Lakini Jumapili nilipita kanisani kwao, nikawaona wamesimama mstari mmoja wakiimba. Mimi nimesikia mahubiri marefu yenye injili kidogo kuliko hiyo.