Lempi Akikuza Chama cha Shemeji Yake

Lempi Hautala alikuwa mpishi wa shule huko Michigan ya kaskazini, mjane mcheshi, ila kinyongo akikiweka kimewekwa. Kile kikubwa alimwekea Reino, mdogo wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa Chama cha Maziwa, chama cha siasa kilichopewa jina la maziwa makuu ya huko.

Lempi ndiye aliyezunguka kwenye theluji kutafuta wanachama, na kila mtu alijua anautaka udiwani wa kaunti. Lakini kwa sheria chama chao kilikuwa kidogo, na chama kidogo huteua wagombea wake mkutanoni. Jumamosi ya mkutano, Reino akawasha sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, nyumbani kwake. Desturi yao ni wanaume kuingia kwanza. Walipotoka, wekundu na jasho likiwatiririka, walikwishapatana humo humo ndani. Mkutano ukaisha kabla bia haijaisha, na mgombea akawa Reino.

"Shemeji, mbona mmemaliza bila mimi?"

"Aa, Lempi! Siasa ina fitina, utaumia bure. Wewe tuokee zile pai zako za nyama, hapo hakuna wa kukuweza."

Wanaume wakaangua kicheko. Lempi akacheka nao, huku rohoni akiapa kumwaibisha mbele ya kaunti nzima.

Reino alikuwa na ndoto moja: chama kipate asilimia tano ya kura za jimbo, ili sheria ikihesabu kuwa chama kikubwa. Mara iliyopita walikuwa wameikaribia. Basi Lempi akajitosa. Alioka pai, akabisha milango, akaomba kura mji baada ya mji, na Reino akamsifu kwamba sasa ametia akili. Masikini, hakujua anapigiwa debe la kuzikwa. Novemba udiwani ulimponyoka, lakini chama kikavuka asilimia tano, akafanya sherehe akijiita mkubwa.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, Lempi akapeleka jina lake kwa karani wa kaunti. Reino akamjia juu.

"Nani kakuruhusu? Mimi sijakuteua!"

"Na huteui tena, shemeji. Chama kikubwa wagombea wake huchaguliwa na wapiga kura, kwenye sanduku. Si ulitaka ukubwa? Haya, ukubwa ndio huo."

"Lempi, sisi ni ndugu!"

"Siku ile undugu uliuacha wapi?"

Kura za mchujo zikapigwa Agosti. Reino alibwagwa vibaya, hata kijijini kwake. Akaja ukumbini, wanachama walikokusanyika kusikiliza matokeo, na tabasamu la kulazimisha, akampa Lempi mkono na kunong'ona, "Hongera." Lempi akaukamata ule mkono, hakuuachia.

"Sema kwa sauti, shemeji. Kina mama kule nyuma hawajasikia."

"Lempi ndiye mgombea wetu."

"Bado hawajasikia."

Reino akasema tena, safari hii kwa kupiga kelele.