Nilivyotafuta jino la lathe la kuchonga ekseli ya mdogo wangu, na kosa nililolinyamazia

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo habari za leo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Juzi nimeona kijana anauliza namna ya kuchagua na kujaribu tool za lathe ndogo, ile mashine ya kuchongea chuma, aliyonunua kwa ajili ya hobby. Watu wakamrushia link za video. Nikaanza kumwandikia jibu la mistari mitatu, likagoma kuisha.

Basi naleta kisa chenyewe. Si chai. Na kabla hamjadai picha, hii ni miaka ya tisini, Ifakara, na mtaani kwetu kamera tuliiona siku za kipaimara tu.

Niitwe Beno, inatosha.

Nilikuwa fitter kiwanda cha sukari. Lathe pale walishika wenye vyeo vyao, mimi kazi yangu ilikuwa kufunga na kufungua bolt, na kufagia yale manyoya ya chuma yanayodondoka chini ya mashine. Nilikuwa nafagia taratibu makusudi ili nitazame. Kupunguzwa kazi kulipokuja nikawa wa kwanza kwenye orodha, nikarudi nyumbani Lipangalala.

Hapo nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, baba, na mdogo wangu Skola. Mama alikwishatangulia.

Baba alikuwa mhunzi, Mpogoro wa kule milimani Mahenge. Majembe, miundu, visu vya kuvunia mpunga, vyote alivifua yeye. Kufikia miaka hiyo macho yalikuwa yamekwisha kwa moto wa miaka mingi, anaona kivuli tu. Lakini mikono na masikio vilikuwa vizima.

Skola polio ilimchukua miguu akiwa mdogo. Alitambaa mpaka akawa msichana mkubwa, magoti magumu kama kisigino. Kisha misheni wakampa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Wakuu, mtu aliyekuwa anaona miguu ya watu maisha yake yote akaanza kuona nyuso. Alikuwa anakwenda sokoni hata kama hana cha kununua.

Sasa hiyo lathe niliipataje?

Kulikuwa na Bruda mmoja wa misheni, mzungu mzee, fundi, alikuwa anarudi kwao. Alikuwa na kilathe kidogo cha mezani, urefu kama mkono wangu, alichochongea vinara vya mishumaa kwa starehe yake. Nilimsaidia kufunga mizigo, akaniambia chukua. Nikakibeba kwenye baiskeli nikikikumbatia njia nzima kama maiti ya ndugu.

Baba akakipapasa, akasema, "Hiki kidude cha watoto." Akarudi kwenye mvukuto wake. Iliniuma, sitaficha.

Bruda aliacha mashine bila meno. Namaanisha kile chuma kinachokata, mnachokiita tool bit. Mimi nitakiita jino, ndivyo tulivyozoea.

Nikacheza nacho miezi kadhaa bila maana yoyote. Kisha ekseli ya baiskeli ya Skola ikakatika.

Ilikuwa ile fupi ya gurudumu la kushoto, ndefu kama shubiri. Nikaichomelea, ikakatika palepale. Nikachomelea tena, ikakatika tena. Nikaweka kipande cha nondo, kikapinda siku ya pili.

Na wiki hiyohiyo ikaja barua. Skola amepata nafasi chuo cha ufundi cha walemavu, mkoa wa mbali, kujifunza ushonaji. Aripoti tarehe fulani, na barua ilisema wazi kila mwanafunzi aje na chombo chake cha kutembelea. Ili awahi ilibidi apande treni ya Ijumaa. Ikimpita hiyo, nafasi anapewa mwingine.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiogope. Hiyo ekseli naichonga mimi."

Mnaona mdomo ulivyo mwepesi.

Nikaenda gereji moja Kiberege, wakanikatia kipande cha shafti ya gari bovu. Kimoja tu, na walikikata kwa shingo upande. Chuma cha shafti kigumu, na hapo ndipo nilipoanza kutafuta jino.

La kwanza nililitengeneza kwa tupa kuukuu. Nilisaga ncha, nikajaribu kwenye nondo, likakata vizuri mno nikaimba. Nikaligusisha kwenye shafti, dakika chache ncha ikawa ya bluu, ikalainika, ikawa inasugua tu. Tupa ni ngumu ikiwa baridi. Ikipata moto wa kazi inakufa.

La pili ni springi ya lori. Hilo baba alinisaidia, alilipasha moto akalizamisha kwenye oil. Hapo nilimwona anafanya kazi yake ya kujaribu chuma: anakiweka kwenye kiganja, anakigonga na nyundo ndogo, analeta sikioni. Chuma kilichoiva kinalia kirefu. Kilichoungua au chenye ufa kinalia kifupi, kama kopo. Sikuwahi kumwona akikosea, na watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kumletea mapanga ayasikilize kabla hawajanunua. Jino la springi likalia vizuri. Likakata nusu saa, kisha likamegeka ncha.

La tatu ni biti ya drili kubwa iliyovunjika, HSS, chuma kinachostahimili moto wa kazi. Hilo ndilo lililofanya kazi. Lilikuwa jembamba, linatetemeka, lazima ule kidogokidogo, lakini lilikata shafti bila kulegea. Nilipiga hesabu: Jumatano na Alhamisi, nikienda polepole, ekseli itakuwa tayari.

Kijana wa ule uzi mwingine, kama unasoma, jibu lako ni hilo. HSS, ncha kali, pole pole. Ungeishia hapo ungekuwa na maisha mazuri kuliko mimi.

Maana Jumanne alipita Rajabu.

Rajabu ni Mha wa Kigoma, alikuwa lathe operator kule kiwandani, mmoja wa wale niliokuwa nawafagilia. Alisikia nina mashine, akanibebea zawadi kwenye gazeti: jino la carbide, lile lenye kipande cha kijivu kilichochomelewa kwenye ncha. Alishalinoa kwa jiwe la kijani, maana jiwe la kawaida haliligusi.

Akaniambia, "Beno, hili litakula hiyo shafti kama muwa. Ila usilimwagie maji likiwa la moto, na usilipige. Ni gumu, lakini likigongwa linakwenda kama kikombe."

Nilimsikia. Narudia ili msije mkanitetea huko chini. Nilimsikia vizuri kabisa.

Jumatano asubuhi majirani walikuwa wamejaa uani. Kila mtu alitaka kuona kidude kinamtengenezea Skola mguu. Skola mwenyewe amekaa kwenye mkeka, gauni jipya la safari liko mapajani anamalizia pindo.

Baba akatoka na kigoda chake. Akauliza, "Hilo jino la rafiki yako liko wapi? Lete nilisikilize."

Wakuu, neno lilikuwa moja tu. "Baba, hili haligongwi." Maneno matatu, sawa. Lakini mbele ya majirani wote? Mzee ambaye wilaya nzima ilimletea vyuma avisikilize, nimwambie mimi mfagiaji kwamba hiki hakijui?

Tena, na hili ndilo baya zaidi, ilikuwa mara yake ya kwanza kutaka kujua chochote kuhusu mashine yangu.

Nikampa.

Akagonga mara ya kwanza, akaleta sikioni. Akagonga ya pili, kwa nguvu zaidi, pale pale kwenye ncha ya kijivu. Akatabasamu. "Hili limeiva. Hili ndilo. Kata nalo."

Majirani wakashangilia.

Nikaenda nalo pembeni. Nikalipaka mafuta ya taa, nikalifuta kwa kitambaa, nikasubiri kidogo. Ukifanya hivyo, penye ufa mafuta yanarudi kutoka. Yakarudi. Mstari mwembamba kama unywele, toka ukingoni mpaka katikati. Mlio aliousikia baba ulikuwa wa mpini wa chuma, si wa kile kipande cha kijivu.

Jino la biti ya drili lilikuwa mezani, limenolewa. Ningeweza kulifunga. Lakini baba angeuliza kwa nini mlio wa mashine umebadilika, maana masikio yale hayakudanganywa, na ningetakiwa kumjibu.

Nikafunga lile lenye ufa.

Mkato wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Manyoya ya chuma yanatoka ya bluu, yanajikunja, shafti inabaki inang'aa kama kijiko kipya. Baba ameinamisha kichwa anasikiliza, anatingisha kidole kwa mlio. Nilikuwa na furaha, naapa. Kwa dakika zile nilisahau ufa.

Mkato wa pili, pale ekseli inapoanza kunenepa, paa!

Ncha ilipasuka. Kilichobaki kikazama kwenye shafti na kuchimba shimo refu kabla sijazima. Shimo liko palepale panapobeba uzito wote.

Baba akasema, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Jino lilikuwa zima. Nimelisikia mimi. Ni mkono wako, Beno. Una haraka."

Nikainama kuokota vipande vya ncha. Skola alinitazama, kisha akarudi kwenye pindo lake.

Kurudi Kiberege kutafuta kipande kingine haikuwezekana, mvua ilikuwa imekata barabara tangu Jumanne jioni. Nikalirudia jino la biti ya drili, nikapunguza ekseli mpaka shimo likaisha. Ikabaki nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Bearing ikapwaya, nikaizungushia bati la kopo. Nilijua. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana angejua.

Ijumaa Skola alivaa gauni lake, akapanda, sanduku nyuma, mimi nasukuma. Baba alimbariki mlangoni. Tukafika karibu kabisa na stesheni, paa za stesheni tunaziona. Gurudumu la kushoto likaingia kwenye shimo la maji, ekseli ikakatika, Skola akaenda kwenye tope na gauni lake.

Nikamnyanyua mgongoni. Nikamwambia twende, treni bado, nitakubeba mpaka ndani.

Akasema, "Kaka, nikifika kule nitatambaa?"

Nikasema watakutengenezea.

"Barua imesema niende nacho. Mimi kutambaa mbele ya watu nisiowajua, sirudii. Nirudishe nyumbani."

Tulisikia treni inaondoka tukiwa njiani, amenishika shingo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kwa kuwa alikuwa mgongoni hakuniona, au alijifanya hakuona.

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mwaka uliofuata tuliandika tena, hawakujibu. Baiskeli ilikuja kupona baadaye kwa fundi wa mjini, Skola hakutaka niiguse. Hakunitukana. Alisema tu, "Wewe pumzika kaka." Mpaka leo kitu chake kikiharibika anamwita mtu mwingine, hata bawaba ya mlango.

Baba aliishi miaka mingine kadhaa na kila mgeni alimsimulia habari ya jino lililolia vizuri na mwana mwenye mkono wa haraka. Skola ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Alimlisha, alimwogesha, akitambaa kuzunguka kitanda. Baba alikufa anajua masikio yake hayajawahi kukosea.

Mashine niliiuza kama chuma chakavu. Jino ninalo, liko kwenye kopo la maziwa, bila ncha.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Skola. Tumekaa tunachambua mchele, akaniuliza bila hasira kabisa, "Hivi kaka, siku ile ulikuwa na haraka gani?"

Nikamwambia nilikuwa naogopa treni itatuacha.

Nilichojifunza: carbide haijaribiwi kwa nyundo, inajaribiwa kwa macho, kwa mafuta ya taa, na kwa kuikatia taratibu chuma usichokihitaji. Na chombo ulichokiona kina ufa, usikifunge kwa sababu ya heshima ya mtu. Hilo la pili nimelijua muda mrefu na halijanisaidia kitu.

Mafundi mnaweza kunikosoa kwenye ufundi, ruksa. Wengine mnaweza kuniambia kama nimwambie Skola ukweli, nimvunjie sifa ya baba yake aliyekwisha kuzikwa, au niendelee kuwa mwenye haraka. Nitasoma zote.

Yeye simu anayo, lakini humu haingii. Nilihakikisha kabla ya kuandika.