Shati Kavu la Rangwe

Asubuhi ile niliondoka Migori bila mpango. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kubeba magunia sokoni kulinichosha, na barabara ya kwenda ziwani sikuwahi kuuona mwisho wake. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami pia.

Saa nne, karibu na Rangwe, Landrova ya serikali ilinichukua. Ndani alikaa bwana mwenye suti, faili magotini. Alinionyesha kilima chenye mlingoti wa redio.

"Ile ni kambi ya mawasiliano ya jeshi. Nimetumwa kukagua ulinzi wa kambi kama hizo. Wewe mgeni hapa?"

"Mgeni kabisa."

"Basi panda, ujaribu kuingia. Wakikukamata, sema umetumwa na mkaguzi. Nakungoja hapa."

Nilicheka. Tangu utotoni nilitamani kujua redio za jeshi husema nini.

Nilifika langoni pamoja na matone ya kwanza ya mvua. Koplo Mutiso, mtu wa Machakos, alikuwa zamu peke yake.

"Unatafuta nani?"

"Natembea tu, afande."

"Kutembea na mawingu haya? Ingia, wewe. Ukifa hapa nani atakuzika?"

Hakuniuliza jina. Alinikalisha kando ya mitambo, akanipa chai ya moshi kwenye kikombe cha bati, akanivika visikizio. Nilisikia ti-ti-ta kutoka miji nisiyoijua.

"Redio hizi zinaongea kutwa," alisema, "lakini hakuna hata moja inayoniuliza nimekula nini. Mwezi ujao napata usajenti, nihamie karibu na watoto."

Nikakumbuka faili ya mkaguzi kule chini.

Saa saba mvua ilikatika, nikateremka. Mkaguzi alifungua faili.

"Ulifika wapi?"

"Langoni tu. Walinikatalia. Nilisimama nje mpaka mvua ikaisha."

Alishika kola ya shati langu kwa vidole viwili.

"Kavu," alisema, akaandika.

Alinishusha Homa Bay.

Mutiso sikumwona tena, wala sijui kama usajenti aliupata. Hadi leo chai ya moshi hunirudisha pale kilimani.

Jioni boti ilinifikisha Mbita, mvua ikinyesha upya. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki aliniita kutoka mlangoni kwake.

"Ingia, nyathina, mwanangu. Utalowa. Kitanda kipo."

Naye pia hakuniuliza jina, basi nilisimama uani kwanza. Nikamtajia jina langu, jina la baba yangu, nilikotoka, na gari lililonileta. Nilipomaliza shati lilikuwa limenigandama mgongoni. Ndipo nikaingia.