Kamba Nyekundu, Kamba ya Bluu

Mwaka ule nilikuwa nafanya utafiti wa ndama wenye magoti yaliyojaa usaha, kwenye boma moja la wafugaji nje ya Kilosa. Niliwagawa makundi mawili kwa rangi ya kamba niliyowafunga shingoni. Wa kamba nyekundu niliwadunga dawa na kuwaosha ndani ya goti kwa maji ya chumvi. Wa kamba ya bluu walipata sindano tu, ili nijue kama kuosha kunasaidia.

Asubuhi moja nilishuka kwenye pikipiki nikapokewa na harufu ya ngozi inayoungua. Mzee mwenye boma alikuwa amemkalia ndama wa bluu, anamchoma goti kwa chuma cha moto. Ndama alilia hadi akajinyea. Wenzake wote wa bluu walikuwa wameshachomwa.

Shikamoo ilinipotea. Nilimsukuma mzee wa watu akaangukia mavi, nikamfokea kwamba ameniharibia kazi yangu yote.

“Wale umewaosha,” alisema akiwa chini. “Hawa umewaacha waoze. Nikawatibu mimi.”

Kwa hasira niliinama nikiokote kile chuma nikitupe mbali, nikakishika upande uliotoka motoni. Ngozi ya kiganja changu ilibaki imegandia pale. Nilipiga mayowe kuliko ndama.

Mzee aliinuka, akajikung'uta, akaja na kibuyu cha maji. Kabla ya kumimina, aliniangalia usoni.

“Mkono huu, mwanangu, ni wa kuosha au wa kuacha?”