Nyumba Niliyoiita Yetu

Kwa miaka kumi na mmoja niliishi Madale, kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa na paa la bati la rangi na geti jeusi la chuma. Ndani haikuwa na dari wala sakafu, na madirisha tuliyaziba kwa mabati yaliyobaki na mifuko ya saruji. Aliyepita barabarani aliona jumba la mtu mwenye uwezo. Sisi tuliolala humo tulijua mvua ya upepo inaingilia upande gani.

Mwenye nyumba ni mfanyabiashara wa Mwanza. Alikuwa anaijenga kidogo kidogo kila anapopata, kisha akasimama. Mama yangu alikuwa akiwapikia mafundi wake, na mafundi walipoondoka yeye akaachiwa funguo, alinde, akae na wanawe bila kulipa kodi. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama naye alipofariki, mimi nilikuwa kidato cha pili, na mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alikuwa darasa la nne. Wa kati alichukuliwa na shangazi aliyeishi Kipawa. Shangazi alisema ana nafasi ya mtoto mmoja, na sikumlaumu, maana niliiona nyumba yake.

Mwenye nyumba alikuja kutoa pole. Aliniuliza kama naweza kuendelea na ulinzi, nikasema naweza. Wiki iliyofuata nilirudisha vitabu vya shule. Mwalimu wa darasa aliniuliza nitarudi lini, nikamwambia nikishampata mtu wa kukaa na mdogo wangu. Nilikuwa nasema kweli, nadhani. Sikumpata.

Kabla hajaondoka, mwenye nyumba alinipa sharti moja. Wakati ule viwanja vya kwetu vilikuwa vinauzwa mara mbili, mara tatu, na nyumba ambayo mwenyewe yuko mbali ilikuwa inajipatia mwenyewe mwingine.

"Mtu yeyote usiyemjua akikuuliza nyumba ya nani, sema ya familia," aliniambia. "Usiseme niko Mwanza. Ukisema niko mbali, umemfungulia geti."

Nilishika neno hilo. Siku moja walikuja watu wanne na futi ya kupimia na vigingi. Nilisimama getini nikawaambia nyumba ni ya familia, na kila walipouliza kwa njia nyingine niliwajibu vilevile, mpaka wakachoka. Madalali walijibiwa hivyo, wauza viwanja walijibiwa hivyo. Mwenyekiti wa mtaa alipobadilika, huyo mpya naye alipopita kujitambulisha nilimjibu hivyohivyo, kwa sababu naye sikuwa namjua. Baada ya miaka sikuwa hata na haja ya kufikiri. Ni kama mtu anapoitikia salamu.

Riziki yangu ilikuwa kufyatua tofali kwenye kiwanja kimoja njia ya Tegeta. Mdogo wangu alisoma. Sina maelezo makubwa kuhusu hilo, alisoma tu, kwa utaratibu, kama mtu anayeteka maji. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mwalimu wake alimpigia simu akamwambia kuna chuo kikuu chenye mpango wa kuwapokea vijana waliofaulu vizuri wasio na mtu wa kuwasomesha. Ukichaguliwa, unapata nafasi ya masomo pamoja na ada, malazi na chakula mpaka umalize. Alijaza fomu, nikasaini kama mlezi. Mwenyekiti alituandikia barua ya utambulisho. Ilibaki hatua moja: watu wa mpango wangekuja kuona nyumbani.

Siku ya kuja kwao nilichinja jogoo. Niliazima meza, kitambaa na viti vinne vya plastiki kwa mama jirani, mjane mwenye duka dogo la vyakula, ambaye alivileta mwenyewe ili apate kuuliza.

"Leo kuna posa?"

"Wageni wa chuo, mama."

"Wageni wa chuo wanakula jogoo? Mie nikija unanipa maji, tena ya vuguvugu."

Mdogo wangu alikuwa anachambua mchele. "Kaka, wanakuja kuangalia shida," alisema. "Wewe unawapangia sherehe."

"Mgeni ni mgeni. Wamemaliza kuangalia shida, watakula nini?"

Hakubisha. Nadhani hata yeye asingeweza kuwapokea watu kwa mikono mitupu. Mama asingeweza pia. Nilifagia baraza, ambalo nilikuwa nimelipiga lipu mwenyewe kwa saruji ya makombo, nikapanga viti pale, nikaenda kununua soda.

Walikuja wawili, mwanamke wa makamo na kijana wa kiume aliyebeba faili. Waliuliza kuhusu wazazi, kazi yangu, nani anapika, nani anaumwa. Nilijibu kila kitu kama kilivyo. Mdogo wangu alikuwa uani, jikoni, wakati yule kijana alipotazama juu kwenye bati, akatazama geti, akaniuliza, "Na nyumba hii ni ya nani?"

"Ya familia," nikasema.

Aliandika. Mwanamke aliomba aone ndani. Nikamwambia ndani hakujakaa vizuri, karibuni kwanza chakula. Walikula, wakasifu, saa zikaenda, wakasema wana nyumba nyingine mbili za kutembelea. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Nilirudi nimeridhika kabisa.

Jibu lilikuja kwenye simu ya mdogo wangu, adhuhuri, wakati nimerudi kula. Alilisoma kimya, kisha akanisomea. Amekubaliwa kusoma. Ufadhili hakupata, kwa kuwa familia inamiliki nyumba ya kudumu na hali yake inaridhisha. Mwenye malalamiko ayawasilishe ndani ya wiki mbili. Bila ufadhili, nafasi ile ilikuwa sawa na kutopewa. Tulijua sote wawili.

"Waliuliza kuhusu nyumba?" akaniuliza.

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ya familia."

Aliweka simu kwenye mkeka, kifudifudi. Akasema, "Familia ya nani, kaka?"

Hakupandisha sauti. Ndipo kwa mara ya kwanza niliposikia maneno yale yanavyosikika kwa mtu mwingine.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilivaa shati la kanisani nikaenda ofisi ya mpango. Nilimkuta yule mwanamke. Alinikumbuka kwa jogoo, akaniambia hivyo, kisha akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nikuelewe vipi," akasema. "Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

"Siku ile, dada. Lakini sikujua kama nadanganya."

"Mtu hajui kama anadanganya?"

Nilimweleza kuhusu watu wa vigingi. Hakuwa mkali, lakini hakuweza kunipa ninachotaka kwa maneno matupu. Alifungua faili akanionyesha barua ya mwenyekiti wetu. Ilisema tunaishi katika nyumba ya familia. Nilipoisoma nilijiona nimesimama pale getini miaka ile, namjibu mwenyekiti. Aliniambia nilete barua ya mwenye nyumba mwenyewe, naye aje kwa miguu yake mbele ya mwenyekiti, igongwe muhuri. Wiki mbili hazingeongezwa.

Kabla sijampigia mwenye nyumba, nilirudisha viti kwa mama jirani. Alitaka habari, nikampa. Alifikiri, kisha akainamia kaunta kama anayetaka kunipunguzia bei.

"Baba, mie nikuambie. Wewe kaa kimya. Barua ya mtaa inasema nyumba yako, faili la chuo linasema nyumba yako. Una miaka kumi na mmoja humo. Watu wanapata majumba kwa karatasi chache kuliko hizo."

"Na mdogo wangu?"

"Mdogo wako ataolewa. Nyumba haiolewi."

Alikuwa ananipenda, ndiyo maana alisema vile. Na sitajifanya kwamba sikulisikia neno lake. Nilirudi nyumbani nikazunguka vyumba vyote sita, hata viwili tulivyokuwa hatuingii. Nilijua kila ufa. Mifereji ya maji niliichimba mimi, mtaro wa nyuma niliujenga kwa tofali zilizopasuka za kazini. Kwa mara ya kwanza niliitazama nyumba ile kama kitu ambacho mtu angeweza kukitaka. Kisha nikatoka nje, nikapiga simu Mwanza.

Nilimweleza mwenye nyumba yote, tangu siku ya wageni.

"Umewaambia watu wa chuo nyumba ni yako," alisema. "Wameandika?"

"Wameandika, mzee."

"Na mwenyekiti?"

"Naye aliandika."

"Mie nilikuambia uwaambie wezi, kijana. Sikusema uwaambie serikali."

"Hukusema wezi, mzee. Ulisema mtu yeyote nisiyemjua."

Alikohoa. Akasema anakuja.

Alifika siku ya nne, kwa basi. Alikuwa amezeeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaizunguka nyumba peke yake akigusagusa kuta. Kisha akakaa kibarazani juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu viti nilikuwa nimesharudisha, akatoa karatasi mbili zilizochapwa. Ya kwanza ilikuwa barua kwa chuo, ikisema nyumba ni yake na mimi ni mlinzi asiye na umiliki wowote. Ya pili ilikuwa ya kusaini mimi: kwamba sidai chochote, na kwamba nitakabidhi funguo mwisho wa mwezi, ambapo mpwa wake atahamia.

"Mzee," nilimwambia, "kama ningeitaka nyumba nisingekupigia simu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na karatasi, sikuja na polisi." Alipangusa miwani kwa kona ya shati. "Umenilindia vizuri kuliko mwanangu angenilindia. Lakini nimeshasikia jina lako na nyumba yangu kwenye karatasi moja. Sitalala tena. Niseme uongo?"

"Usiseme, mzee."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka, usisaini," alisema. "Nitaomba tena mwakani, kuna vyuo vingine."

Nilichukua kalamu ya mzee. Niliwahi kusema nitarudi shule nikishampata mtu wa kukaa naye, na najua mwaka ujao unavyokaa, na unavyokuwa na mwaka mwingine nyuma yake. Nilisaini kwenye goti langu. Mzee akasaini ya kwake. Tukaenda kwa mwenyekiti tukiwa watatu.

Mwenyekiti alisoma barua, akanitazama, akaisoma tena.

"Kwa hiyo kwenye mikutano yote ninakuita mwenye nyumba, kumbe mlinzi?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na michango ya barabara ya wenye nyumba ukatoa?"

"Nilitoa."

Alicheka mpaka akatafuta leso. "Basi ulilinda kweli," akasema, akagonga muhuri.

Nilipeleka barua ofisini siku hiyohiyo. Yule mwanamke hakuniahidi kitu. Siku tatu baadaye alikuja nyumbani bila taarifa, peke yake, akanikuta ndiyo kwanza narudi kutoka kazini, mikono imekauka saruji. Safari hii hakukaa barazani. Aliingia vyumba vyote. Alisimama sana kwenye kile tulichokuwa tunalala, akatazama pazia la khanga lililogawa upande wa mdogo wangu na wangu, na ukuta usiopigwa lipu ambao mdogo wangu aliufanya ubao tangu sekondari. Ulikuwa na chaki mpaka usawa wa bati, maana alikuwa anapanda juu ya ndoo.

Nilimwuliza kama atakunywa maji. Akanywa. Mdogo wangu alinitazama, nadhani alikuwa na hofu nitakimbilia kuku wa watu. Sikukimbia. Nilikaa chini, ikaniwia vigumu, kukaa tu na mgeni hali ana glasi ya maji mkononi.

"Kwa nini siku ile hukuniruhusu nione hapa?" aliniuliza.

"Niliona aibu, dada."

Aliitikia kwa kichwa, akaandika maneno machache, akaaga.

Ufadhili ulitoka ukiwa umebaki muda mfupi kabla ya vyuo kufunguliwa. Ada, malazi, chakula, mpaka mwisho wa masomo. Mdogo wangu alisoma ujumbe mara mbili kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda uani akakaa huko. Nilimwacha. Nami nilikuwa na sababu zangu za kubaki ndani.

Pamoja na ujumbe ilikuja fomu ya kujiunga. Tuliijaza mchana wa Jumamosi, yeye akiandika, mimi nikisoma vyeti. Jina, shule, mlezi, simu ya mlezi. Alifika kwenye mstari wa makazi ya kudumu ya familia, akainua kalamu. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku sita.

"Niandike Madale?"

"Hapana."

"Kipawa kwa shangazi?"

"Hatukai Kipawa."

"Sasa niandike nini, kaka?"

"Usiandike kitu," nilimwambia. "Ngoja."

Nikavaa viatu, nikaenda Tegeta kutafuta chumba. Nilizungushwa na madalali wawili. Chumba cha kwanza kilikuwa na maji sakafuni, cha pili mwenyewe hakutaka mtu wa kazi ya saruji. Cha tatu kilikuwa nyuma ya gereji, kwa bibi mmoja aliyeniuliza naishi na nani. Nikamwambia naishi mwenyewe, na mdogo wangu anasoma chuo, atakuja likizo. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hilo kwa mtu nisiyemjua. Bibi akasema mwanafunzi hana neno, akanipa ufunguo nikajaribu mlango.

Nilisimama ndani ya chumba kile nikampigia simu mdogo wangu, nikamtajia mtaa na namba ya nyumba, taratibu, akiandika.