Ghala la Mzee Odera

Miaka ya tisini ilipoanza, mkuu wa nyumba yetu ya watawa Wafransisko mjini Kisumu alinituma Usenge kupokea zawadi. Mzee Odera, aliyekuwa amechoka na biashara ya samaki, alitaka kutupatia sisi watawa ghala lake la mawe pale ufukweni.

"Kanuni yetu inakataza kujilimbikizia mali," mkuu aliniambia, "lakini paa la zahanati yetu linavuja, na kodi ya ghala ingelitengeneza. Nenda ukaone."

Kusema kweli, moyoni nilikuwa nimeshalipokea ghala.

Asubuhi nilipanda basi. Maseno mvua ilitukuta, wanafunzi wakaingia wamejifunika magazeti. Bondo tulisimama sana, nikala mahindi ya kuchoma. Nilifika Usenge mchana.

Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wametandazwa juani juu ya nyavu kuukuu. Mara wingu likatanda upande wa ziwa, na wanawake waliowaanika wakaanza kuwauza kwa watu wa malori kwa bei yoyote.

"Mvua ikinyesha, omena inaoza," alisema Mama Akinyi, mjane aliyenikaribisha kwake. "Mnunuzi anajua. Anangoja tu mawingu."

"Na ghala la Mzee?"

"Hiyo iko na kufuli. Mwenye ufunguo ndiye anapanga bei."

Nikamwambia basi nitalikataa, kwani Mtakatifu Fransisko alitufundisha kutomiliki kitu.

Akanitazama. "Bruda, ukikataa urudi Kisumu na mikono safi, Mzee atauzia mtu wa lori. Sisi tutakula huo usafi wako?"

Nikauweka ugali kando, nikamwomba twende pamoja kwa Mzee.

Kesho yake tulimwendea Mzee Odera, nikamwomba ghala awape wanawake. Alinuna.

"Nimewapa nyinyi ili mniombee. Hawa watagombana."

"Tumegombana kwa jua miaka yote, Baba," Mama Akinyi akasema. "Wacha tugombane kwa kivuli. Angalau omena haitanyeshewa."

Mzee alijizuia, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Na maombi yangu, Bruda?"

"Hayo hayahitaji ghala."

Mchana ule Mzee na wanawake walikwenda kwa chifu kuandikisha ghala kwa jina la wanawake, nami nikashika njia ya kurudi.

"Kwa hiyo ulikataa?" mkuu aliniuliza Kisumu.

"Nilikaribia kukataa vibaya," nikamjibu.

Kabla ya safari ile nilidhani ufukara wetu ni kufungua mkono na kuachilia. Tangu Usenge, nikiachilia kitu, kwanza hutazama kinaangukia mikononi mwa nani.