Jiko la Mzungu Sebuleni Kwetu

Harufu ya saruji mbichi hunichosha. Najua wapo wanaoipenda, kwao ina maana kwamba kuna nyumba inapanda na mtu fulani ana mipango. Mimi ikinifikia puani, hata kama ni jirani tu anaziba ufa wa ukuta wake, mabega hunilegea nikatamani kukaa chini. Juzi nilikutana nayo nikitoka sokoni, nikasimama na kapu langu mpaka fundi mwenyewe akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia sijapotea, napumzika kidogo. Kumbe nilikuwa nimesharudi Tabora, kwenye sebule yetu ya Uzunguni, nina miaka tisa, na bibi yangu mzaa baba ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mawe.

Niwaeleze kwanza hilo jiko, maana wengi wenu hamjawahi kuliona la namna hiyo. Nyumba yetu ilijengwa kwa ajili ya ofisa mmoja wa kikoloni, na baada ya Uhuru ikapita mikononi mwa watumishi kadhaa hadi ikamfikia baba, aliyekuwa afisa mdogo katika ofisi ya wilaya. Ndani ya sebule, kwenye ukuta wenyewe, palikuwa na jiko la mawe makubwa meusi, mdomo wake mpana kiasi cha mbuzi kuingia na kugeuka, na dohani ya kupandisha moshi hadi juu ya paa. Nani Tabora anahitaji moto sebuleni? Mwezi wa tisa kule hata kuku hutembea midomo wazi. Nadhani yule Mzungu alikuwa na hamu ya kwao tu. Sisi tuliliita Jiko la Mzungu na tukaweka ndani yake viatu vya mvua na mwavuli uliovunjika.

Kisha Bibi akaja. Ilikuwa wakati wa operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba yake, upande wa Igalula, ilikuwa mbali na barabara, na watu wa kule waliamriwa wahamie kwenye mistari ya viwanja iliyopimwa karibu na njia kuu. Bibi alikataa. Aliwaambia waliokuja kumhamisha kwamba moto wa nyumba yake haujazimika tangu alipoolewa, na yeye hawezi kuubeba kichwani. Paa lilishushwa akiwa amekaa uani anatazama. Kwa baba ilikuwa aibu ya pande mbili, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akizunguka na gari la ofisi kuwahimiza watu wahame. Akaenda kumchukua mama yake kimyakimya, akamleta mjini na kigoda chake, chungu kimoja na furushi la nguo.

Siku ya pili tu Bibi alitoa vile viatu na ule mwavuli, akafagia, akawasha moto. Alisema hilo ndilo jambo pekee la akili ambalo Wazungu walifanya. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa asubuhi ulikuwa unakata masikio, na mimi nilipoamka nilikuta sebule ina joto na inanukia kuni za miyombo. Kwenye majivu alichoma viazi vitamu na karanga. Alikuwa na namna ya kugeuza kiazi kwa vidole vitupu bila kuungua, na nikimuuliza anawezaje alisema vidole vyake na moto vinafahamiana. Mchana kutwa alikaa pale. Nilipotoka shule nilimkuta pale, na pale ndipo alipozungumza nasi, akiwa amenyoosha miguu, uso wake umelegea.

Lakini moshi ulikuwa moshi. Dohani ilikuwa imezeeka na haikuvuta vizuri, na mama yangu alikuwa na vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe kwa sindano, vimetandikwa juu ya kila kiti. Kila Jumamosi alivifua, na kila Jumatatu vilikuwa na rangi ya chai. Mama hakulalamika kwa sauti. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akilala baada yetu sote, na akivikamua vile vitambaa uani. Bibi aliyaona hayo yote.

Basi baba akapata habari kwamba ujumbe wa Chama utapita Tabora na baadhi ya wageni watakunywa chai kwetu. Akaanza kulitazama lile jiko kwa jicho jingine. Alisema lina kasumba, kwamba hawezi kuwakaribisha wajumbe mbele ya mawe ya kikoloni yenye masizi. Alitaka liwe la kisasa: mdomo uzibwe, mawe yapigwe lipu ukuta uwe laini, juu papakwe chokaa, na katikati pawe na rafu ya saruji ya kuwekea redio. Saruji siku hizo ilikuwa ya kibali, na baba alihangaika wiki mbili mpaka akakipata. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Rafiki yangu wa darasani kwao walikuwa na redio juu ya rafu, na nilikuwa nimeshamwambia kwamba yetu itakuwa kubwa zaidi.

Hakuna aliyemuuliza Bibi.

Fundi aliyekuja aliitwa Kondo, Mzaramo mwenye kipara na mwiko uliong'aa kama sarafu, aliyefika Tabora zamani na kazi za reli na hakurudi tena pwani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupumzika kwenye miji ya babu zao. Mtani hukutukana mchana kweupe, hukunyang'anya kofia, hukulilia msibani kwa machozi ya uongo, na wewe huruhusiwi kukasirika. Watani hawaombani radhi wala hawashukuriani. Anayechukia ndiye anayechekwa.

Fundi Kondo aliweka ndoo chini, akamtazama Bibi, akasema, "Nani ameacha mzigo huu wa kuni katikati ya nyumba?"

Bibi hakugeuka. "Mzaramo, leo umeamka? Mnazi wenu umeanguka nini, hata ukakosa kivuli cha kulala?"

Nyumba nzima ilicheka. Hata mama alicheka, na mama hakuwa mtu wa kucheka siku za kazi. Kuanzia hapo wale wawili walipambana kutwa. Fundi alimwambia Bibi ambebee mchanga, kwa kuwa kubeba ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Bibi alimwambia ukuta wake umepinda kama mguu wa mama yake. Mimi nilikuwa nikikimbia kutoka shule nisipitwe na hata neno moja.

Siku ya kwanza ya kuziba, fundi alipopanga safu ya chini ya matofali, Bibi alisema, "Ukiziba hapo, umenizika."

"Ndiyo kazi niliyoitiwa," akajibu Kondo. "Nitakuachia tundu la kupitishia uji."

Tukacheka. Kesho yake mwiko wa fundi haukuonekana. Tulipekua kila mahali, kazi ikasimama hadi mchana, mpaka mama alipouona umefungwa kwenye furushi la nguo la Bibi. Tukacheka tena. Siku iliyofuata ikawa zamu ya kamba ya kupimia, nayo ikapatikana imekatwa vipande vipande na kufungiwa kuni. Fundi alishika kiuno akasema kwamba katika maisha yake yote hajapata mtani hodari kiasi hiki. Jioni alimwambia baba, "Mzee, mama yako anasema atakufa kwa baridi." Baba alikuwa anavua viatu. Akacheka mpaka akakohoa. "Watani mmekutana," alisema.

Siku ya nne nilitoka shule nikakuta watu wamejaa sebuleni, hata wa nyumba ya pili. Bibi alikuwa ameingia ndani ya jiko. Alikuwa amekaa na kigoda chake mle ndani, juu ya majivu baridi, magoti yamefika kidevuni, na matofali ya fundi yamefika usawa wa mapaja yake. Alisema hatoki. Baba aliitwa kutoka ofisini, akaja mbio, akadhani kuna msiba, na alipomwona akaegemea mlango kwa kicheko. Fundi alipiga magoti mbele ya matofali yake akauliza fidia ni nini. Maana sheria ya utani ndiyo hiyo: mtani akishika kitu chako, unakikomboa kwa chochote kidogo, naye akishapokea lazima aachie.

Bibi aliinama akachora majivu kwa kidole. Watu walidhani anatafuta neno kali. Fundi akatoa kikopo cha ugoro mfukoni akamnyooshea. Bibi alikitazama, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, nami nakumbuka macho yake yalipotua kwangu nilikuwa nimejishika mbavu kwa kucheka. Akachukua ugoro kidogo kwa ncha za vidole. Watu wakashangilia. Wakamshika mikono wakamtoa.

Ilipofika jioni jiko lilikuwa limezibwa.

Ukuta ulipendeza, siwezi kusema uongo. Ulikuwa mweupe, laini, na redio ilikaa juu ya rafu na kitambaa kimoja cha mama chini yake, na kitambaa hicho kilibaki cheupe. Wajumbe walikuja, wakanywa chai, wakazungumza habari za pamba na barabara. Mmoja aliegemea ukuta akatoka na chokaa mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Sidhani kama kuna aliyeutazama.

Bibi aliendelea kukaa palepale na kigoda chake, akiukabili ukuta, mikono ameibana makwapani. Mama alimpelekea jiko la mkaa chumbani, akamkaribisha pia jikoni kwake uani. Bibi alishukuru, akaenda mara moja, akakaa pembeni akiangalia mwanamke mwingine akichochea moto wake, na hakurudi tena. Hakuugua wala hakununa. Alipunguza maneno tu, akawa anasinzia mchana.

Wiki ya tatu alimwambia baba kwamba amebadili nia. Anataka kiwanja kwenye kile kijiji kipya, karibu na barabara, kama wenzake. Sijawahi kumwona baba na furaha ile. Mzigo wa aibu ulimtoka kifuani tukiuona. Kwenye mkutano alisimama akasema mama yake mzazi, mzee wa umri ule, ameelewa na kuhamia kijijini kwa hiari yake, na watu wakapiga makofi. Nilijivuna shuleni kwa habari hiyo.

Tulimsindikiza stesheni mimi na mama, asubuhi, kupanda treni ya kwenda Igalula. Fundi Kondo naye akatokea. Alimnyang'anya Bibi furushi lake, akajitwika kichwani, akatembea jukwaa zima akitikisa makalio na kupiga kelele, "Jamani, njooni mwone! Mzaramo anambebea mzigo Mnyamwezi!" Watu walikufa kwa kicheko. Alipolitua ndani ya behewa alisimama mbele ya Bibi, ameshaanza kutabasamu, anangoja tusi lake.

Bibi alimshika mkono. "Ahsante, baba," alisema. "Umechoka kwa ajili yangu. Ahsante."

Tabasamu la fundi lilibaki usoni kidogo, halafu likaondoka. Treni ilipoanza kutembea hakupunga mkono. Mimi nilidhani uzee umempata Bibi, kwamba amesahau yule ni nani kwake.

Kondo alirudi na sisi mpaka nyumbani. Baba alikuwa amekuja kula, amekaa chini ya redio. Fundi hakuketi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema, "yule mama hakuwa anatania."

Baba akaangua kicheko. "Kondo bwana! Mwenzako kaondoka, bado unaendelea tu?"

"Alikuwa anakuomba. Alikuwa anakuomba kila siku, kwa kunipitia mimi. Nami nilikuwa nacheka."

Baba alizidi kucheka, akampiga begani, akamwambia mama amletee mtani chakula. Mama alisimama pale mlangoni na sahani mkononi, hacheki, anautazama ukuta. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko baba, kwa kuwa nilijua kanuni: asemalo mtani halichukuliwi kwa uzito. Fundi alivaa kofia yake akatoka.

Bibi aliishi miaka minne kule kijijini, katika kijumba cha udongo chenye moto katikati, na likizo nilipokwenda nilimkuta uso wake umelegea tena. Hatukuzungumza kamwe habari za lile jiko. Nilidhani hakuna la kuzungumza. Sikujua kwamba mama katika nyumba ya mwanawe, aliyeletwa kwa kuonewa huruma, hana mahali pa kusemea "nataka" isipokuwa kwenye mzaha, na kwamba sisi tulimwachia mlango huo mmoja tu halafu tukakubaliana kwamba lolote litakalopitia hapo ni la kuchekwa.

Nimelielewa nikiwa mtu mzima, mjane, nikikaa kwa mwanangu wa kwanza. Jioni moja, mezani, nilisema kwa utani kwamba nimechoka, wanipeleke tu kwetu wakanitupe. Walicheka wote, wajukuu nao wakacheka, na mdogo wao alinyanyuka akanikumbatia kwa jinsi nilivyomfurahisha. Nami nikacheka pamoja nao.